GPS ya safari za porini Uganda: maswali ninayoulizwa kila wiki

Ninaishi Mbale na kazi yangu ni udereva. Nawapeleka wachimba visima, watafiti wa mifugo na wageni Karamoja, West Nile, na kusini-magharibi hadi Kisoro. Wiki haipiti bila mtu kunipigia akiwa amesimama dukani Kampala, kifaa mkononi: "Kaka, hiki kitanifaa?" Kwenye simu sipati nafasi ya kueleza vya kutosha, kwa hiyo nimeyaandika majibu hapa, marefu kwa mafupi.

Simu yangu ina ramani. Kuna haja gani ya kununua kifaa kingine?

Pengine hakuna. Ukienda Mbarara, Gulu, Fort Portal, hata Moroto, uko juu ya lami na simu inakutosha. Kifaa cha pekee kinamfaa mtu anayeacha lami mara kwa mara, hasa kwa gari moja bila msafara, katika sehemu ambako kupotea ni kulala njiani.

Kinachoiangusha simu porini ni joto, mtikisiko na chaji. GPS yake yenyewe ni nzuri tu. Apple wanasema iPhone itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na dashibodi iliyopigwa na jua la Februari Karamoja inapita hapo mapema sana. Mara ya kwanza iliponipata nilikuwa natoka Kotido kwenda Kaabong. Skrini ilianza kufifia, nikadhani ni mwanga wa jua machoni mwangu, kisha ikawa nyeusi, likabaki onyo la joto peke yake. Tukasimama chini ya mgunga, mwenzangu akaishika simu kivulini na kuipepea kwa kofia yake. Ilikataa kuwaka kwa karibu nusu saa. Nyuma yetu njia ilikuwa imegawanyika mara tatu, na ndani ya gari hakuna aliyekumbuka kwa uhakika tulishika ipi.

Kama simu ndiyo uliyo nayo, ifunge mbele ya tundu la kiyoyozi, usiiweke juu ya dashibodi. Itoe pia kwenye kava nene.

Bila mtandao na bila bando, GPS inafanya kazi?

Inafanya kazi, na hulipi chochote. Kifaa chako hakitumi kitu, kinasikiliza tu. Setilaiti za GPS zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa kikizisikia nne kinapata latitudo, longitudo, kimo na saa sahihi. Mtandao unahitajika kwa kitu kingine kabisa, yaani picha ya ramani. Ndiyo maana watu wanaona kidoti cha buluu kikielea juu ya ukurasa mweupe na kusema GPS imekufa. GPS ni nzima. Ramani haikupakuliwa kabla ya kuondoka.

Kuna jambo moja la kuvumilia. Simu huwa inaomba mtandao uiambie setilaiti ziko wapi leo, ndiyo sababu mjini inashika kwa sekunde chache. Ukiizima siku tatu kisha ukaiwasha mahali pasipo mnara wowote, inabidi isikilize taarifa hizo kutoka angani yenyewe. Taarifa kamili ya setilaiti za GPS huchukua dakika 12 na nusu kutangazwa yote. Simama mahali peupe, zima injini, subiri.

Nikitaja GPS, fundi ananiletea kile kidude cha kufichwa chini ya dashibodi. Ndicho hicho?

Sicho. Hicho ni cha kumfuatilia dereva au mwizi: kinapokea mahali gari lilipo na kulituma ofisini kupitia laini ya simu. Wewe uliye kwenye usukani hakikuonyeshi kitu. Ukienda dukani sema "GPS ya ramani" au "GPS ya kuongoza njia", na ukiweza taja modeli kabisa.

Basi nikague nini kwanza?

Ramani. Kabla ya skrini, kabla ya betri, kabla ya bei. Katika mambo yote hapa, hili ndilo ningependa ulishike hata kama mengine utayasahau.

Vifaa vingi vinavyouzwa kwetu vimeletwa na mtu kutoka Dubai, Uingereza au Marekani, na vina ramani za huko vilikotoka. Ukikiwasha Kampala unaona Ziwa Victoria, jina la Entebbe, na barabara kuu kama nywele mbili tatu. Muuzaji atakuambia "inajua dunia nzima". Mwombe akuonyeshe Kaabong, na asogeze ramani karibu mpaka uone njia ya kutoka mjini kwenda Karenga. Kama anaona jina la mji peke yake, ramani hamna, na utabidi uiweke mwenyewe.

Habari njema ni kwamba ramani nzuri za Uganda zipo. Ya kwanza ni OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea na haina malipo. Programu za simu kama OsmAnd na Organic Maps zinaitumia, na kuna watu wanaoitengeneza kwa muundo wa vifaa vya kampuni ya Garmin ukaipakia kwenye kadi ya microSD. Undani wake haulingani kila mahali. Makazi ya wakimbizi kama Bidibidi kule Yumbe yamechorwa vizuri sana kwa sababu mashirika ya misaada yaliyahitaji, lakini ukifika kwenye mbuga za kaskazini-mashariki unaweza kukuta njia iliyochorwa kutoka picha ya angani na mtu ambaye hajawahi kuikanyaga. Picha ya angani haitofautishi njia ya gari na njia ya ng'ombe, maana ng'ombe mia mbili wakipita kila siku wanaacha mstari mpana kuliko Land Cruiser.

Ya pili ni Tracks4Africa, ya kulipia, iliyojengwa kutokana na rekodi za GPS za wasafiri wenyewe. Njia iliyomo humo kuna gari lililoipita. Ina njia chache, lakini nyingi ninaziamini, na mara nyingi muda wake wa safari unakaribia ukweli. Mimi natembea na zote mbili. Zikikubaliana naendelea, zikitofautiana nasimama na kuuliza mtu.

Angalia pia umri wa ramani. Isipolijua daraja jipya la Jinja lililofunguliwa Oktoba 2018 na bado inakupitisha juu ya bwawa la Nalubaale, ni kongwe. Ikikusubirisha feri Paraa, ni kongwe, maana siku hizi Naili pale unaivuka kwa daraja. Na ikisema Kidepo iko wilaya ya Kaabong, ujue Karenga imekuwa wilaya yake yenyewe tangu 2019. Hili la mwisho halitakupoteza, ila linakuonyesha ramani ilichorwa lini.

Nichukue cha kufunga kwenye kioo au cha mkononi?

Inategemea kama unashuka garini. Vifaa vikubwa kama Garmin Tread na Overlander vinasomeka kwa kutupia jicho, navyo vimetengenezwa kwa kazi hii hasa, lakini bila gari havina maisha marefu. Vidogo kama eTrex 22x na 32x vinatumia betri mbili za AA, zile za rimoti, ambazo utazipata hata kwenye kioski cha Amudat. Skrini yake ni ndogo mno kuisoma gari likirukaruka. Katikati kuna Montana 700, yenye skrini ya inchi 5. Inakaa vizuri kwenye gari, na ukitaka kwenda kukagua kivuko cha mto kwa miguu unaichomoa na kuondoka nayo.

Kwa mtu anayeanza na hana fedha nyingi, nasema hivi bila wasiwasi: simu ya zamani ya Android yenye OsmAnd kama ramani ya kutazama, na eTrex iliyotumika kama akiba mfukoni. Mashine mbili za bei ndogo zinaniweka salama kuliko moja ya gharama kubwa, kwa sababu hazifi siku moja.

Skrini ya kugusa au ya vitufe?

Barabara ikiwa na makunyanzi kama bati, kidole hakifiki unapokielekeza. Unataka kukuza ramani, unajikuta umefuta safari. Vitufe unavibonyeza bila kutazama, na havijali jasho wala vumbi. Ukichagua ya kugusa, funga kifaa karibu na mkono, na msaidizi wako ndiye akishike gari likiwa linakwenda.

Mwanga wa skrini usiujaribu ndani ya duka. Toka nje, geuza kifaa kitazamane na jua la saa sita, uone kama unasoma.

Kwa vumbi na maji tafuta alama ya IP67. Ile 6 ina maana vumbi haliingii kabisa, na 7 ina maana kinavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. IPX7 haisemi lolote juu ya vumbi, na vumbi la Moroto ni laini kama unga wa sembe.

Umeme wa gari unanisumbua, kifaa kinazimika kila tukipita shimo.

Ni plagi ya sigara. Inalegea kwa mtikisiko, kifaa kinarudi kwenye betri yake bila wewe kujua, na baada ya saa mbili unabaki na kioo cheusi. Mwambie fundi waya avute waya wa moja kwa moja kutoka betri, wenye fyuzi yake karibu na betri, aukaze kwa skrubu chini ya dashibodi. Kazi hiyo haimalizi saa moja.

Kabla ya kuchomeka chochote jua gari lako ni volti ngapi. Malori, na baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli kutoka Japani, ni volti 24. Chaja ya volti 12 peke yake itaungua pale pale. Nunua iliyoandikwa 12–24.

Kishikizo cha kunyonya kioo kinaanguka kwa sababu ya vumbi na joto. Futa kioo kwa kitambaa chenye spiriti kwanza. Bora zaidi ni kishikizo cha kufungwa kwa skrubu.

Tableti je? Skrini yake kubwa inanivutia.

Inafaa, ila kuna mtego. iPad ya Wi-Fi peke yake haina kipokezi cha GPS ndani. Mjini itakuonyesha ulipo kwa kukisia kutoka Wi-Fi za jirani, utafurahi, na ukitoka Soroti inabaki bubu. Chukua yenye nafasi ya laini ya simu, hata kama laini hutaiweka. Tableti za Android zinatofautiana, kwa hiyo izimie Wi-Fi na data, toka nje nayo, uone kama inapata mahali ilipo.

Nimetumiwa namba za mahali, GPS ikanipeleka kwingine kabisa. Kifaa kibovu?

Karibu kila mara ni namba, na sisi Uganda tuna ugonjwa wetu wa pekee: ikweta inapita katikati ya nchi. Latitudo ya Kyotera ni kama 0.6 kusini. Ya Mubende ni kama 0.6 kaskazini, na longitudo zao zinakaribiana. Mtu akikutumia pointi ya Kyotera akasahau ile S, au alama ya kutoa, unapelekwa upande wa Mubende, zaidi ya kilomita 100 kaskazini, na ramani haitashangaa hata kidogo. Namba zote mbili ni halali, zote ziko Uganda. Dereva wa Kenya au wa Uganda ndiye anayenaswa hapa. Wa Zambia kosa hilo linamtupa mbali mno, analitambua mara moja.

La pili ni mtindo wa kuandika. Digrii 2 na dakika 30.5 si 2.305. Ni 2.508, na tofauti yake ni zaidi ya kilomita 22. Weka kifaa chako kwenye digrii za desimali, na kila anayekutumia umwombe aandike hivyo hivyo.

La tatu ni kwa wanaofanya kazi na wapima ardhi wanaotumia UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita badala ya digrii, uliogawa dunia katika kanda. Sehemu kubwa ya nchi iko kanda ya 36, lakini magharibi ya longitudo 30, kama Kisoro, Kanungu na Bwindi, ni kanda ya 35. Namba bila kanda haina maana yoyote.

Nina ramani za karatasi za zamani za 1:50,000. Bado zina kazi?

Zina kazi kubwa: milima, mito na mabonde havijahama. Lakini zilichorwa kwa mfumo wa kuhesabu mahali uitwao Arc 1960, na GPS inatoka dukani ikiwa kwenye WGS 84. Ukihamisha namba moja kwa moja unakosea karibu mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Kwenye uwanda wazi huenda usione. Kwenye kivuko cha mto, mita 300 ni genge. Ingia kwenye mipangilio, chagua Arc 1960 unaposoma karatasi, kisha rudisha WGS 84.

Kwa nini inanipitisha njia mbaya wakati kuna nzuri?

Angalia mipangilio. Ikiwekwa "njia fupi" itachagua uchochoro wowote unaopunguza kilomita mbili, hata ukiwa ni wa baiskeli. Weka "njia ya haraka". Angalia pia kipengele cha feri. Kutoka Adjumani kwenda Moyo njia ya kawaida ni kuvuka kwa feri ya Laropi, lakini kifaa hakijui kwamba feri hulala, nawe ukichelewa jioni unalala upande huu.

Kosa jingine ni la jina. Usiandike "Bwindi". Msitu huo una sehemu nne za kuwaona sokwe: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kati ya moja na nyingine ni safari ya masaa kwenye kona na miteremko. Kibali chako kimeandikwa sehemu moja, na asubuhi hawakusubiri. Andika jina la sehemu, au bora zaidi namba za geti lenyewe.

Na mvua haimo kwenye mashine. Ule udongo mweusi wa Karamoja na wa upande wa Ishasha unapita ukiwa mkavu kama sakafu; ukinyeshewa saa moja unakamata tairi na kulijaza mpaka halina meno. Kifaa kitaendelea kukuambia umebakiza dakika arobaini. Hapo nashuka nikamsalimu mzee yeyote mwenye mifugo: "Mzee, habari za hapa? Gari limepita leo?" Siulizi njia iko wapi, maana hiyo naiona. Nauliza gari la mwisho lilipita lini, na lilikuwa kubwa kiasi gani.

Kuna kitu kimoja ambacho kifaa lazima kiwe nacho?

Rekodi ya njia uliyopita. Ule mstari wa nukta unaobaki nyuma ya gari; sisi tunauita mkia.

Siku ile ya simu iliyozimika, kilichotutoa ni eTrex ya kijivu iliyokuwa imesahaulika kwenye mkoba wa mlango tangu asubuhi, ikiwa imewashwa. Haikuwa na ramani ya maana. Ilikuwa na mkia tu: mstari kutoka Kotido, wenye kikona kidogo mahali tulipozunguka korongo. Tukageuza gari tukaurudia, mwenzangu akiishika mbele ya uso wangu na kusema "kushoto kidogo, kushoto, hapo hapo", mpaka macho yetu yakaangukia alama za tairi zetu wenyewe. Tangu siku hiyo sikiwashi kifaa kwa ajili ya ramani. Nakiwasha kwa ajili ya mkia, kabla hata injini haijawaka.

Hakikisha basi kifaa kinarekodi chenyewe bila kuamriwa, na kinatoa faili la GPX, yaani faili la njia linalosomwa na vifaa na programu nyingine. Mikia yangu ya miaka yote iko kwenye kadi moja, na dereva mwenzangu akienda nilikokwenda nampa.

Nimepata kilichotumika kwa bei nzuri. Nichukue?

Kagua tarehe. GPS huhesabu wiki, na hesabu hiyo ilifika 1,024 ikarudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo havikusasishwa vinaonyesha tarehe ya miaka karibu ishirini nyuma. Mahali vinaweza kukuonyesha sawa, lakini rekodi zako zitavurugika. Kagua pia tundu la waya: vingi vya zamani ni mini-USB, na waya wake siku hizi si rahisi kuupata nje ya Kampala. Tikisa plagi ukiwa umeichomeka; chaji ikikatika, kiache.

Nikikwama, GPS itaita msaada?

Hapana. Inayoweza ni ile yenye kutuma ujumbe kwa setilaiti, kama Garmin inReach inayopitia setilaiti za Iridium, na hiyo ina ada ya huduma ya kulipia. Kwa anayeingia peke yake bonde la Kidepo ningesema ni fedha inayostahili kutolewa. Kwa wengine, acha nyumbani njia yako na siku ya kurudi, na mtu anayejua ampigie nani usipotokea.

Ramani inaonyesha njia ndani ya hifadhi. Naruhusiwa kuifuata?

Kuonekana kwenye ramani si ruhusa. Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, UWA, hairuhusu kuacha njia zilizofunguliwa ndani ya hifadhi, na baadhi ya mistari unayoiona ni njia zilizofungwa au za doria. Waulize askari getini. Kaskazini mwa Kidepo ni Sudan Kusini na magharibi mwa Ishasha ni Kongo, na porini hakuna ukuta wa kukuambia umevuka. Washa mstari wa mpaka kwenye ramani uwe rangi kali.

Nimeshanunua. Nianzie wapi?

Barabara unayoijua usingizini. Mimi nawapeleka watu Mbale hadi Sironko, data ikiwa imezimwa, kisha namwambia mgeni wangu aturudishe kwa kufuata mkia peke yake, bila kutazama nje zaidi ya usalama. Akishaweza hilo anaweka alama tatu: kisima, karakana, na duka linalouza mafuta kwa chupa. Kila alama aipe jina ambalo wenyeji wanapaita, kama wanavyolitamka, kwa sababu siku atakapoulizia njia ndilo atakalolitaja.